Ada ya sifuri iliyogeuka 30

Ukiita fankisheni bila kuipa hoja zote, pengo linajazwa na nani? Katika C++ ya Bjarne Stroustrup, iliyotoka 1985, mwandishi wa fankisheni aliweza kuweka thamani chaguo-msingi papo hapo. Java ya 1996 ikakataa. Huko unaandika fankisheni kadhaa zenye jina moja.

Kisa kitamu ni cha JavaScript. Brendan Eich aliianzisha mwaka 1995 akiwa Netscape, mfano wa kwanza kwa siku kumi, na hoja isiyoletwa ikawa tu undefined. Kimya kabisa. Basi watu wakazoea kuandika:

ada = ada || 30;

Ujanja mfupi, ila alama || haiulizi kama hoja imeletwa. Inauliza kama ni kweli, na sifuri huhesabiwa kuwa si kweli. Kwa hiyo mteja anayestahili kutumiwa pesa bure, ada 0, anakatwa 30 na hakuna ujumbe wowote wa kosa. (Hebu itafute hitilafu hiyo saa sita usiku!)

Dawa ilikuja Juni 2015, kwenye ECMAScript 2015:

function tuma(kiasi, ada = 30)

Hapa 0 inabaki 0, kwa sababu 30 huingia tu pale hoja ni undefined. Ukileta null, inapita na u-null wake. Tena thamani hiyo hukokotolewa upya kila mwito. Python huikokotoa mara moja tu, def inapotekelezwa, ndiyo maana orodha tupu uliyoiweka pale huikuta imebeba vitu vya mwito uliopita.

Msimbo wa zamani wenye || ungali mwingi. Anza kuukagua penye pesa.