Ukoo wa Mangi hadi maabara ya Berlin: nasaba inavyosaidia kutambua mabaki

Baadhi ya wasikilizaji wetu wa Kibosho, Old Moshi na Machame wamekuwa wakitaka kujua fuvu la kichwa lililokaa Ujerumani zaidi ya miaka mia moja linawezaje kujulikana ni la nani. Jibu linaanzia kwenye ukoo.

Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga viongozi 19 huko Old Moshi. Miongoni mwao alikuwemo Mangi Meli wa Moshi, mtoto wa Mangi Rindi ambaye wageni walimwita Mandara. Alikuwemo pia Mangi Molelia wa Kibosho, mtoto wa Mangi Sina, na Mangi Ngalami wa Siha. Wazee husimulia kwamba kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Kiti chake alipewa ndugu yake, Salema.

Mangi alioa wake wengi, na mara nyingi watoto wa mama tofauti waligombea kiti. Hata hivyo wote walihesabiwa kwa baba. Ndiyo maana leo mtu wa ukoo wa mangi anaweza kukutajia baba, babu na baba wa babu bila kusita, lakini ukimuuliza jina la bibi mzaa babu, ananyamaza. Kwetu hiyo ni hasara kubwa, na mfano wa Ulaya unaonyesha kwa nini.

Mwaka 1918 mfalme wa Urusi, Nicholas II, aliuawa pamoja na mkewe Alexandra na watoto wao. Mifupa ilipofukuliwa mwaka 1991, wataalamu walihitaji ndugu aliye hai. Alexandra alizaliwa katika familia ya watawala wa Hesse, Ujerumani. Dada yake Victoria alimzaa Alice, naye Alice akamzaa Philip, aliyekuja kuwa mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Philip akatoa damu. Kuna vinasaba ambavyo mtoto huvipata kwa mama peke yake, na vya Philip vililingana na vya Alexandra na mabinti zake. Ndoa zile zilikuwa zimeandikwa zote, wanawake kwa wanaume, kwa hiyo haikuwa kazi kumjua ndugu wa kupimwa.

Kwa upande wetu, taasisi ya makumbusho ya Berlin iliyokuwa ikichunguza mafuvu zaidi ya 1,000 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki ilitangaza majibu Septemba 2023. Vinasaba vya mafuvu machache ambayo kumbukumbu zilionyesha yametoka Kilimanjaro vililinganishwa na vya watu wa koo zinazojulikana. Fuvu moja lililingana na ukoo wa Akida, aliyekuwa mshauri wa Meli. Mawili yalikaribiana sana na ukoo wa Molelia wa Kibosho.

Kupima peke yake kusingetosha. Ilibidi kwanza awepo mtu Kibosho anayejua kwamba yeye ni wa Molelia, na kwa njia ipi. Serikali ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, lakini koo zenyewe ziliendelea kuhesabiana vihambani.

Fuvu la Meli halikuonekana katika majibu hayo. Mjukuu wake ameliulizia kwa miongo mingi, na familia bado inalisubiri.