Butcher Boys: Wachinjaji wasio na vinywa

Butcher Boys, yaani vijana wa bucha, ni kazi ya Jane Alexander, msanii wa Afrika Kusini aliyezaliwa Johannesburg mwaka wa 1959. Aliiunda kati ya 1985 na 1986 alipokuwa akisomea shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Sasa imo katika hazina ya jumba la kitaifa la sanaa mjini Cape Town.

Wanaume watatu wa kimo cha binadamu wa kawaida wameketi kwenye benchi la mbao, karibu uchi, mithili ya watu wanaosubiri zamu. Miili ni ya vijana wakakamavu, iliyofinyangwa kwa plasta na kupakwa rangi. Mtazamaji akifika vichwani ndipo anaposhtuka. Pembe zimechomoza, nazo ni za wanyama halisi. Macho ni meusi ti. Masikio hayapo, na mahali pa kinywa pamezibwa kwa ngozi.

Hawamtishi mtu. Wamekaa tu, na utulivu huo ndio unaotia hofu zaidi ya pembe.

Julai 1985 serikali ya P. W. Botha ilitangaza hali ya hatari katika baadhi ya maeneo, na Juni 1986 ikaieneza nchini kote. Maelfu walizuiliwa bila kushtakiwa. Kwa hivyo wengi huwaona watatu hawa kuwa watumishi wa ubaguzi wa rangi, waliotokwa na utu kwa ukatili wao wenyewe. Fasiri hiyo ni sahihi, ila haitoshi. Miili yao ina makovu, kana kwamba mchinjaji naye alipitishwa kisuni. Asiye na masikio hasikii kilio. Asiye na kinywa hawezi kuamuru, wala kukiri.

Mwaka wa 2012 kundi la muziki la Die Antwoord lilitumia kiumbe aliyefanana nao katika video. Alexander alipinga kupitia mawakili, nayo ikaondolewa.

Ubaguzi ulipokwisha, mahayawani wake hawakutoweka. Katika Infantry with Beast (2008-10), viumbe 27 wenye vichwa vya mbwa wanapiga gwaride juu ya zulia jekundu, nyuso zimegeuzwa upande mmoja kama wanaopita mbele ya jukwaa la mkubwa. Mkubwa mwenyewe haonekani.