Naftalini na parfa za nyumba: harufu nzuri inaweza kuumiza mutoto

Katika masoko ya Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, vidonge vyeupe vya naftalini vinauzwa kwa bei ndogo. Wakaaji wengi wanaviweka ndani ya sanduku la nguo juu ya kufukuza mende, na wengine wanavitupa ndani ya choo ili kusinunuke.

Kidonge cha naftalini hakiyeyuki kama barafu, kinageuka kuwa hewa polepole. Hewa ile inaingia ndani ya nguo, na baadaye ndani ya damu ya anayezivaa. Kwa mtu mkubwa mwenye afya, mara nyingi inaishia kwenye kichwa kuuma na kichefuchefu. Lakini kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kitu fulani katika damu, kinachoitwa G6PD, ambacho kinalinda chembe nyekundu. Upungufu huo unaonekana sana katika inchi za malaria kama Kongo, na zaidi kwa wanaume. Wengi hawajui kama wako nao. Wakivuta naftalini, chembe nyekundu zinapasuka.

Hatari kubwa iko kwa mutoto muchanga. Mama analeta nguo na blanketi zilizokaa miezi katika sanduku, anamufunika mutoto siku ile ile. Kisha macho yanakuwa manjano, mukojo unakuwa mweusi kama chai kali, mutoto analegea na hanyonyi. Hapo si wakati wa kungoja wala kutafuta majani: ni kukimbia kituo cha afya, na kumuambia muganga kwamba kulikuwa naftalini. Umanjano ukizidi unaweza kuharibu ubongo. Umoja wa Ulaya ulikataza naftalini ya nguo tangu 2008.

Vidonge vingine vya choo vimetengenezwa na paradiklorobenzeni. Hiyo pamoja na naftalini, wataalamu wa kansa wa OMS wanaziweka kati ya vitu vinavyoweza kuleta kansa kwa binadamu. Parfa za kupuliza nazo, neno « parfum » kwenye kopo linaweza kuficha vitu vingi bila kuvitaja. Na gesi inayosukuma parfa inashika moto: kupulizia karibu na mbabula yenye makala ni kutafuta ajali.

Harufu mbaya inatoka mahali. Parfa inaifunika tu, haiiondoi. Majivu ndani ya choo cha shimo, kifuniko juu yake, godoro kwenye jua, madirisha wazi asubuhi: hivyo vinasaidia zaidi na havilipishwi. Anayetaka harufu anaweza kuchemsha sitroneli ao maganda ya ndimu. Ubani ni wa zamani na unapendwa, ila moshi wake ni moshi kama mwingine, usichomwe kwenye chumba cha mutoto.

Nguo zilizokaa na naftalini zifuliwe na kuanikwa inje siku kadhaa, mpaka harufu iishe, ndipo mutoto azivae. Vidonge vilivyobaki viwekwe mbali: vinafanana na bombo, na watoto wanavimeza.