Kabla ya Seoul kulikuwa na Lagos

Wiki iliyopita nilikuwa Kariakoo, kwenye kibanda cha kijana anayewawekea watu tamthilia za Kikorea kwenye flashi. Zamani zilikuwa DVD za Jumong, ile ya MBC ya mwaka 2006 yenye sehemu 81. Leo ni flashi, ila mteja ni yuleyule. Wakati namsubiri, akaniuliza: "Braza, hivi Mbongo akitia timu Korea anaweza kula shavu la kuigiza?"

Nikamwambia inawezekana, ila swali lake ni la zamani kuliko anavyodhani.

Kabla ya Wakorea, Wanaijeria ndio waliokuwa wameteka maduka ya filamu pale Kariakoo. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga (1984) aliyepata jina akiwa na Kaole Sanaa Group kwenye ITV, hakukaa kusubiri kuitwa. Mwaka 2006 akatoka na Dar 2 Lagos akiwa na Mercy Johnson. Mwaka 2011 akacheza Devil Kingdom na Ramsey Nouah. Ni kama leo mtu wa Sinza acheze na mastaa wa Seoul!

Tatizo lilikuwa lugha. Kanumba alipotembelea jumba la Big Brother Africa mwaka 2009, Kiingereza chake kiligeuzwa kichekesho, na waliocheka ni sisi wenyewe. Nilikuwa shule ya msingi, nakumbuka tulivyokuwa tunamwiga. Alipofariki Aprili 7, 2012, maelfu walijaa Leaders Club kumuaga. Sijui wangapi kati yao walikuwa wamecheka.

Sasa geuza upande wa pili. Kwenye mabanda ya video ya Dar alikuwepo Lufufu, jina lake halisi Derek Gaspar Mukandala, aliyekuwa akisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, peke yake, sauti zote. Wasomi wengi waliona ni mambo ya uswahilini. Lakini mwaka 2011 TBC1 ikaonyesha tamthilia ya Kichina ya binti Mao Doudou ikiwa kwa Kiswahili, ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake hapa Dar, Machi 2013. Mwaka 2016 StarTimes wakaendesha shindano la kuingiza sauti, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Hao ni waigizaji wa Kitanzania walioajiriwa Asia kwa sababu ya Kiswahili chao. Gharama yake ni kwamba sura haionekani. Mama yako anaweza kuangalia tamthilia nzima asijue yule tajiri anayefoka ni wewe.

Korea wanataka sura, lakini na lugha yao juu. Anupam Tripathi, Mhindi, alikwenda Seoul mwaka 2010 kusomea uigizaji na akajifunza Kikorea. Dunia ilimjua mwaka 2021, kwenye Squid Game. Hiyo ni miaka 11! Sam Okyere wa Ghana naye alijifunza Kikorea mpaka akawa jina kubwa kwenye runinga. Mwaka 2020 alipolalamikia wanafunzi waliojipaka rangi nyeusi usoni, alishambuliwa mtandaoni mpaka akaomba radhi. Mgeni anapendwa akichekesha. Akikosoa, anakumbushwa kwamba ni mgeni.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana lilikuwa hili: nenda, lakini kwanza jifunze Kikorea, na usione aibu lafudhi yako ikichekwa. Na Kiswahili usikidharau, maana kimeshawapa watu tiketi ya ndege.

Akanirudishia flashi yangu, akasema, "Sawa braza, ila siku nikitokea kwenye tamthilia, usije ukanicheka."

Sikuwa na jibu. Nikamkumbuka Kanumba.

Alamsiki.