Likasi 1992: jirani alipoitwa mvamizi

Leo tuanze na filamu ya televisheni.

Inaitwa kwa Kifaransa Les Envahisseurs, ni kusema Wavamizi. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 10 Januari 1967. Katika sehemu ya kwanza, David Vincent, mchoraji wa majengo, anapotea njia usiku na kuona chombo kikishuka kutoka angani. Anarudi pale na polisi. Wanakuta bwana na bibi waliooana juzi tu. Wanasema hawakuona kitu. Lakini Vincent anautazama mkono wa yule bwana: kidole kidogo hakikunjiki.

Hofu ya filamu hiyo yote iko pale. Mvamizi hana pembe wala mkia. Ana sura yetu, anasema lugha yetu, anakaa nyumba ya pili.

Sisi wa Likasi tunaijua hofu hiyo. Mwaka 1992 iliingia ndani ya mji wetu.

Mwezi wa Agosti mwaka huo, Mkutano Mkuu wa Taifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Jimboni, gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na chama cha UFERI walikuwa wakihubiri kwamba Katanga ni ya Wakatanga. Wakasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Neno likatangulia, kisha mawe na moto vikafuata. Maelfu kwa maelfu walikimbilia kituo cha gari la moshi cha Likasi na kwenye mashule, wakingoja majuma na miezi kupata gari la kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Njaa na magonjwa viliua wengi, hasa watoto. Mwaka 1993 mambo hayo yakafika Kolwezi.

Sasa tuulize: wavamizi hao walifikaje hapa? Waliitwa. Union Minière ndiyo iliyokwenda kutafuta wafanyakazi Kasai, na tangu miaka ya 1920 ikawaweka kambini pamoja na wake na watoto. Watoto wakazaliwa humo, wakasoma humo, wakasema Kiswahili chetu. Wakaoa na kuolewa na wenyeji. Wengi waliosukumwa kwenye gari la moshi walikuwa wanapelekwa "kwao," mahali ambapo hawajawahi kukanyaga.

Na kidole? Hakikuwepo. Watu walitazama jina, wakauliza babu alitoka wapi. Ndoa zikakatika katikati: bwana huku, bibi kule.

Katika filamu, Vincent ana haki, wavamizi wapo kweli. Ndiyo maana tunafurahi akimshuku jirani. Lakini Likasi hakukuwa na chombo kilichoshuka kutoka angani. Kulikuwa na mshahara uliopungua, Gécamines iliyokuwa inaanguka, na wanasiasa waliohitaji mtu wa kumtupia kosa. Walipoondoka majirani hao, mshahara haukurudi.

Ninayaandika haya kwa sababu jamaa wanaokimbia vita bado wanabisha hodi katika miji yetu. Mtu akifika mlangoni, tumuulize kwanza kama amekula. Jina lake atatuambia mwenyewe akishashiba.