Kiapo cha Beberu, Kikombe cha Loliondo na Mwili Wako

Kabla hatujaanza nataka ufanye jambo moja dogo. Fikiria embe bichi la kule Mbeere, lile la kijani kabisa, limekatwa vipande na kutiwa chumvi na pilipili. Umeona? Mate yamejaa mdomoni, na embe lenyewe halipo. Hukuamuru mate yatoke, na hata ukiyakataza hayasikii. Ndani yetu kuna sehemu ya akili inayofanya kazi bila kutuomba ruhusa. Ndiyo inayoendesha mapigo ya moyo, jasho, tumbo na mate, nayo huitikia kile tunachoamini kuwa kinakuja.

Wazee wetu walijua jambo hili kabla ya vitabu vya uuguzi kufika huku. Katika Meru, kesi ya shamba ikiwashinda watu, wazee wa Njuri Ncheke waliweza kuamua ikatwe kwa kiapo, yaani kuringa nthenge. Beberu huuawa kwa kupigwa, na anayeapa hutamka kwamba ikiwa anasema uongo, kiapo kimmalize. Kule Mbeere kuna muma, ambao nao ni kiapo. Hata serikali ilipokuja kupima na kusajili mashamba, viapo hivi viliendelea kutumika. Baada ya hapo hakuna askari wala jela. Watu wanarudi nyumbani na kungoja.

Mimi si mwamuzi wa mambo ya wazee, kwa hivyo sitasema kiapo kina nguvu gani nyingine. Naweza kukueleza tu kinachotokea mwilini mwa mtu aliyeapa uongo na anajua ameapa uongo. Usiku hapati usingizi. Chakula hakipiti. Moyo unamwenda mbio, presha inapanda, tumbo linavurugika. Akikohoa mara moja anasema, ndicho hicho kimefika. Majirani nao wanamtazama kwa jicho la pembeni, na wengine hawataki kula naye. Mtu wa namna hiyo anaugua kweli. Ukimpima utaona kwamba haigizi.

Mwaka wa 1942 daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, Walter Cannon, aliandika makala juu ya watu waliokufa baada ya kuambiwa wamelaaniwa. Alikusanya habari kutoka Australia, visiwa vya Pasifiki, Amerika Kusini na Afrika. Yeye mwenyewe hakuwaona wagonjwa hao. Alitegemea barua na vitabu vya watu wengine, na kwa sababu hiyo kuna wataalamu waliompinga. Lakini maelezo yake yalifungua mlango. Alisema hofu inayodumu humwaga homoni ya adrenalini bila kikomo mpaka mishipa na moyo vinashindwa. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1990, madaktari wa Japani walieleza ugonjwa ambao moyo hulegea na kuvimba ghafla baada ya mshtuko au msiba mkubwa. Mgonjwa huja akishika kifua kama aliyeziba mshipa wa moyo, kumbe mishipa iko wazi. Waliouona mara nyingi ni kina mama waliopita umri wa kuzaa. Wengi hupona baada ya majuma machache, na wachache hufa. Basi ukisikia mtu akisema fulani aliuawa na huzuni, usicheke.

Hofu ikiweza kuuumiza mwili, je, matumaini nayo? Hapa nataka turudi mwaka wa 2011.

Utakumbuka Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu, alikuwa kijijini Samunge, kaskazini mwa Tanzania, akigawa kikombe cha dawa ya mizizi ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 za kwao. Alisema ni Mungu aliyemwonyesha. Watu walisema kinatibu kisukari, presha, pumu, saratani na hata ukimwi. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, watu wakilala njiani siku kadhaa, na wagonjwa wengi mahututi walifia hapo hapo kwenye foleni. Wakenya nao walivuka mpaka kwa maelfu. Huku kwetu watu waliuza mbuzi na kukopa kwenye vyama vya akina mama ili wapate nauli.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza diploma juzi tu, na kichwa kilikuwa kikubwa. Mama mmoja muuza ndizi, mteja wetu wa kliniki, alirudi kutoka Loliondo akiwa na furaha. Kwa miezi mingi miguu yake ilikuwa ikiwaka moto usiku. Baadhi ya dawa za ukimwi za siku hizo zilikuwa na tabia hiyo. Sasa miguu ilikuwa imetulia, analala, anakula. Na dawa zake za ARV alikuwa ameziacha, kwa sababu, aliniuliza, aliyepona ameze dawa ya nini? Mimi nilicheka. Nilimwambia amedanganywa na kwamba nafuu anayosema haipo. Aliinua kikapu chake akaenda, na hakurudi.

Nilikosea, na kosa langu lina historia yake. Mwaka wa 1978 watafiti wa San Francisco, Marekani, waliwafuatilia watu waliong'olewa magego. Waliwapa wengine dawa isiyo na kitu ndani, wao wakidhani huenda ni ya maumivu, na baadhi yao wakapata nafuu. Kisha wakapewa naloksoni, dawa inayozuia mofini kufanya kazi. Maumivu yakarudi! Maana yake ni kwamba ubongo wa watu wale ulikuwa umetengeneza dawa yake ya maumivu, inayofanana na mofini, kwa sababu tu walitarajia kupona. Kwa hivyo yule mama hakuwa mwongo. Safari, maombi, foleni, maelfu ya watu wenye imani moja, halafu kikombe chenyewe. Ingekuwa ajabu kama miguu yake isingetulia.

Lakini virusi havina masikio. Havijui kwamba umekwenda Loliondo. Maumivu, usingizi, kichefuchefu, wasiwasi, hivyo vyote viko karibu na ubongo, na ubongo una njia ya kuvifikia. Virusi vya ukimwi viko ndani ya chembe za damu, na dawa zikikatizwa huanza kuongezeka tena, mara nyingi kwa muda wa majuma machache, huku mwenyewe akijihisi mzima. Presha na kisukari ni hivyo hivyo. Mtu anaweza kujisikia vizuri kabisa na presha yake iko 190 kwa 110. Ndiyo maana tunapima.

Mama yule aliletwa baada ya miezi saba, amebebwa na shemeji yake, ana kifua kikuu na uzito wa mtoto wa shule. Muuguzi mkubwa wangu ndiye aliyempokea. Alivuta kiti, akamuuliza, "Mama, ulipokunywa kikombe ulisikiaje?" Wakaongea karibu nusu saa juu ya safari ile, baridi ya usiku, nyimbo za kwenye foleni. Hakumbishia hata neno moja. Mwishoni akamwambia, "Hiyo nafuu ya miguu ni yako, hakuna atakayekunyang'anya. Sasa tuongeze dawa ya damu." Akakubali.

Babu alifariki mwaka wa 2021. Mama wa ndizi yuko, ana wajukuu, na wingi wa virusi katika damu yake uko chini kiasi kwamba mashine haivioni. Dawa zilizokuwa zikichoma miguu ziliondolewa nchini zamani, lakini mpaka leo anasema ni kikombe kilichomtoa maumivu. Mimi simbishii. Namuuliza tu kama amemeza zile za jioni.