Machi 12: sikukuu ya uhuru ya Morisi

Saa sita mchana tarehe 12 Machi 1968, bendera ya Uingereza ilishushwa katika Champ de Mars, uwanja wa mbio za farasi jijini Port Louis, ikapandishwa yenye mistari minne: mwekundu, wa bluu, wa njano na wa kijani. Nchi ilikabidhiwa kwa Seewoosagur Ramgoolam, daktari aliyesomea London na kiongozi wa chama cha Labour. Binti mfalme Alexandra, aliyekuwa amwakilishe Malkia, hakufika. Safari yake ilifutwa kwa sababu mwezi Januari vijana wa Kikrioli na wa Kiislamu walipigana katika mitaa ya jiji hilo hilo, watu zaidi ya 20 wakafa, hali ya hatari ikatangazwa na askari wa Kiingereza wakaletwa kutoka Singapore.

Kisiwa hicho hakina wenyeji wa asili. Kila ukoo una bandari uliyotokea. Wadachi walikipa jina mwaka 1598, wakakihama 1710. Wafaransa wakaja 1715 na kuendesha mashamba kwa nguvu za watumwa wa Madagaska, Msumbiji na pwani ya Waswahili. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Waingereza walikiteka mwaka 1810, lakini walowezi wa Kifaransa wakabaki na mashamba yao, sheria zao na lugha yao. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1835, miwa ikahitaji mikono mipya, nao vibarua wa mkataba kutoka India, zaidi ya 450,000 kwa jumla, wakaanza kupanda ngazi za Aapravasi Ghat bandarini. Wachina wakaja na maduka yao. Kufikia miaka ya 1960 Wahindu walikuwa wengi kuliko jamii nyingine yoyote, na hapo ndipo hofu ya jamii nyingine ilipoanzia.

Katika uchaguzi wa Agosti 1967, chama cha PMSD, ambacho sauti yake kubwa ilikuwa wakili Gaëtan Duval, kilitaka kisiwa kibaki kimefungamana na Uingereza. Kilishindwa, ila kilipata asilimia 44 ya kura. Kwa hiyo siku bendera ilipopanda, karibu nusu ya wapiga kura walikuwa wakitazama kitu walichokikataa. Huko Rodrigues, kisiwa kingine cha nchi hiyo walikoishi Wakrioli Wakatoliki, PMSD ilizoa karibu kura zote. Kwa kutuliza hofu hizo katiba ilitenga viti vinane vya bunge kwa walioshindwa kwa kura chache, ili jamii iliyopunjwa ipate wasemaji. Ni dawa ya ajabu: humlinda mnyonge, na papo hapo humlazimu kila mgombea kutaja jamii yake.

Sherehe nayo ilibidi ifunzwe. Dini zina sikukuu zao, Cavadee, Idi, Diwali, Krismasi, mwaka mpya wa Kichina, na serikali imezipa mapumziko ya kitaifa. Machi 12 ndiyo isiyo na hekalu wala msikiti. Kinachoijaza ni gwaride, wimbo wa taifa na sega. Sega ni ngoma ya watumwa, iliyodharauliwa na mabwana kwa miaka mingi. Mpigaji huipasha moto ravann, ngoma pana ya ngozi ya mbuzi, mpaka ngozi ikaze na kulia, ndipo maravann, kisanduku chembamba chenye mbegu ndani, kinapoanza kutikiswa kando yake. Leo wajukuu wa vibarua na wa watumwa huicheza pamoja, wakiimba Kikrioli, lugha ambayo karibu kila Mmorisi anaisema.

Mwaka 1992 tarehe ile ile ilichaguliwa kuwa siku ya kuzaliwa jamhuri, na Malkia hakuwa tena mkuu wa nchi. Rodrigues ilipata bunge lake mwaka 2002. Deni lililobaki ni Chagos, visiwa ambavyo Uingereza ilivimega mwaka 1965, kabla ya uhuru, kisha ikawaondoa wakazi wake hadi 1973 ili Marekani ijenge kambi ya kijeshi Diego Garcia. Wengi wao walitupwa katika vitongoji maskini vya Port Louis. Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba uhuru wa Morisi haukukamilishwa kihalali wakati visiwa hivyo vilipotengwa.